Mboga za Mzee Usumani

Kabla ya kisukari, Usumani alijulikana Kibagabaga kwa mambo mawili: kushona suti inayokaa mwilini bila kurudiwa, na kupakua melanji. Kwa mgeni wa Kigali nieleze. Melanji ni chakula cha mchana cha mikahawa yetu. Unashika sahani, unapita kwenye masufuria, unajipakulia wali, viazi, ndizi, mihogo, makaroni na maharage, na mwishoni mwenye mkahawa anakuwekea kipande cha nyama kwa mkono wake mwenyewe, maana hapo haaminiki mtu. Ruhusa ni kupakua mara moja tu. Kwa hiyo watu hujenga. Usumani aliweka viazi chini kama msingi, wali juu yake, ndizi pembeni kuzuia maporomoko, kisha akatembea hadi mezani bila kudondosha punje. Watu waliacha kula wakamtazama.

Mimi nauza vitenge, vifungo na nyuzi mlango wa pili kutoka kwake. Nimekulia Karagwe, upande wa Tanzania, nikarudi nchini nikiwa tayari mke wa mtu. Hapa wananiita Mama Pretty. Usumani ni wa Nyamirambo, mtoto wa Waislamu waliorithishana cherehani, na alihamia huku kwa hesabu rahisi: Nyarutarama iko jirani, na matajiri wa kule wana walinzi, madereva na wapishi, na hao wote wanavaa sare. Mkewe, Mukabalisa, hupiga pasi na kushona mapindo kwenye chumba hichohicho. Sijawahi kuona wawili wanaokaa pamoja kutwa nzima na bado wana la kuzungumza jioni.

Kisukari kiligunduliwa kwenye upimaji wa bure baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi. Wala hakushtuka. Alipewa vidonge, akaambiwa aangalie anachokula, akajibu kwamba anakiangalia sana, ndiyo maana hakimwagiki. Kilichomshtua kilikuja baadaye, pale alipomkatia mlinzi mmoja kola yenye upande mmoja mpana kuliko mwenzake. Alikuwa na mtoto wa jicho, tena macho yote mawili. Waganga wa macho wakamwambia upasuaji upo na si mgumu, lakini sukari yake iko juu mno, kidonda kinaweza kuleta matatizo. Ishuke kwanza, ikae chini, ndipo arudi.

Tangu siku hiyo Mukabalisa akawa anamtungia uzi kwenye sindano. Usumani akawa anashona kwa kupapasa kitambaa kwa dole gumba, na kazi ya matundu ya vifungo akaacha kabisa.

"Mama Pretty, mimi iko na ogopa," aliniambia wazi. "Watu nakuja hapa juu ya macho yangu. Macho ikienda, mimi itabakia mwenye cherehani tu."

Sasa hapo ndipo walipoingia wataalamu wetu wawili.

Wa kwanza ni Bizimana, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, rafiki wa Usumani tangu ujana. Ana kisukari miaka mingi na anakiringia kama cheo. Yeye alisoma enzi za Kifaransa, na kwake adui ni mafuta. Nyama isiyo na ngozi wala shahamu, maharage ya kuchemsha, chai bila maziwa, parachichi ni sumu. Viazi ruhusa, alimradi visiguswe na mafuta. Alikuwa mfano wa imani yake mwenyewe: mwembamba, mkavu, na anapanda mlima wa Rebero kwa miguu kumsalimia dada yake.

Wa pili ni Kabagwira, mke wa mtoto wa Usumani na Mukabalisa. Huyo amekulia Mwanza, anafanya kazi ofisini, na kila kitu amekisoma kwenye simu. Kwake adui ni wanga. Wali, ugali, viazi, ndizi, uji wa igikoma wa asubuhi, vyote hugeuka sukari mwilini, basi toa. Mafuta hayana neno. Parachichi ale hata mawili.

Jumapili moja nilikuwapo sebuleni kwao wakipigana kwa maneno.

"Mimi iko na miaka kumi na nane bila mafuta, na niko muzima!" Bizimana alisema akijipiga kifua.

"Na viazi je, mwalimu? Ukila viazi vinne, sukari inapanda hata kama umevichemsha kwa maji ya baraka."

"Mama, bibi yangu alikula viazi mpaka akakufa na miaka tisini."

"Bibi yako alilima kutwa. Baba anakaa kwenye cherehani."

Aliposema "Baba" hakumtazama Usumani. Huo ndio utaratibu wa kwetu: mke wa mwanao hawezi kukaa mbele yako akaanza kukuhesabia matonge. Habari za kula kati ya mkwe na mkwe ni aibu. Kwa hiyo Kabagwira alikuwa anagombana na Bizimana kwa sauti kubwa ili baba mkwe asikie, na baba mkwe alikuwa anatazama dari akijifanya hasikii. Nilicheka mpaka nikajificha kwenye kikombe.

Kesho yake Kabagwira alimtumia mama mkwe ujumbe wa sauti kwenye simu. Kinyarwanda chake kinapiga chenga, akasema kwa Kiswahili: "Mama, naomba Baba aache chakula, ale mboga kwa wingi. Chakula aweke kidogo sana, au aache kabisa. Mboga ndiyo imshibishe." Mukabalisa akausikiliza mara tatu, akaahidi.

Usumani hakutaka kumkosea rafiki, wala hakutaka kumkosea mkwe. Akafanya alichofanya: akawafuata wote wawili. Mafuta akaacha kwa ajili ya Bizimana, chakula akaacha kwa ajili ya Kabagwira.

Na sukari ikashuka kweli! Kila wakipima, imepungua. Bizimana akasema mnaona, ni mafuta. Kabagwira akasema mnaona, ni wanga. Usumani mwenyewe suruali ikawa inamshuka, akaongeza tundu kwenye mkanda, halafu jingine. Nilimwambia amepungua sana. Akanijibu kwamba hata mimi ningejaribu. Nikamnunia siku nzima.

Halafu asubuhi moja nikasikia Mukabalisa anapiga yowe. Nilikuta Usumani ameketi kwenye cherehani, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, anamgombeza mteja ambaye hayupo. Macho yanatazama ila hayatui popote. Bizimana alikuwa kwenye benchi lake la kila asubuhi, akaruka kama kijana.

"Fanta! Leta fanta!" Kwetu soda yoyote ni fanta.

Nikakimbia kuleta. Mukabalisa akanishika mkono. "Yewe! Ni mugonjwa wa sukari! Unataka umuue?"

"Sukari yake imekwisha, mama!" Bizimana alifoka. "Mimi ilinipata mara mbiri. Akiweza kumeza, mpe upesi!"

Tukamnywesha kidogo kidogo. Baada ya muda akanitazama akauliza kwa nini nimemwagia shati soda. Mukabalisa akakaa chini sakafuni akalia.

Tukampeleka hospitali, na huko akaletwa mtaalamu wa lishe, dada mtaratibu aitwaye Ishimwe. Kabagwira akafika kutoka kazini akihema. Ishimwe akauliza kwa Kiswahili, maana sote tulikuwa tunajibu kwa lugha nne tofauti:

"Mzee, kwa siku nzima unakula nini?"

"Mboga," Usumani akajibu.

"Vizuri," Kabagwira akasema, macho yake kwa Ishimwe. "Ndivyo nilivyoshauri. Mboga kwa wingi."

"Mboga gani?"

"Dodo," Mukabalisa akasema, yaani mchicha. "Asubuhi dodo, saa sita dodo, usiku dodo. Nachemusha na chumvi. Mafuta hapana, juu ya mwalimu."

Kabagwira akageuka. "Na maharage? Na samaki? Na mayai?"

"Maharage si mboga!" Mukabalisa alishangaa, na mimi nikashika kichwa.

Maana niliwaelewa wote wawili, na pengine ni mimi peke yangu mle chumbani niliyewaelewa kwa wakati mmoja. Kwetu Karagwe, na kwao Mwanza, mboga ni chochote unachotowelea ugali: maharage mboga, samaki mboga, nyama mboga. Chakula ni ule ugali wenyewe. Kwa Mnyarwanda imboga ni majani, basi, na maharage ni chakula, tena chakula chenyewe hasa. Maharage yaliruhusiwa na Bizimana. Maharage yaliruhusiwa na Kabagwira. Ndicho kitu pekee ambacho kambi zile mbili hazikukigombania, na mzee wa watu hakuwa ameonja hata punje moja kwa wiki kadhaa. Alikuwa anameza vidonge vya kushusha sukari juu ya majani matupu.

Nikawaeleza. Bizimana alianza kucheka akaacha njiani. Kabagwira hakucheka. Alifunika uso kwa mikono na mabega yakawa yanatikisika.

"Nilitaka kumponya," alisema. "Mungu wangu, nilitaka kumponya."

Usumani akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Alizungumza naye moja kwa moja. "Mwanangu, usilie. Siku ingine sema maharage."

Ishimwe akasubiri tutulie. Bizimana, ambaye hawezi kuacha mjadala hata kwenye wodi, akamwuliza nani sasa mwenye haki, wa mafuta au wa wanga.

"Njia zote mbili zimesaidia watu," Ishimwe akasema. "Kupunguza wanga mara nyingi kunashusha sukari zaidi miezi ya mwanzo. Mwaka ukipita, tofauti inakuwa ndogo, kwa sababu watu wanachoka wanarudi kwenye viazi. Wewe mwalimu umeweza yako, endelea. Mzee tutamtafutia yake ambayo ataiweza. Lakini mtu anayekunywa vidonge kama vyake akikata wanga ghafla, lazima aje atuambie kwanza, tubadilishe dawa. Hilo ndilo lililomwangusha."

Daktari akapunguza dawa. Ishimwe akamchorea sahani kwenye karatasi: nusu ya sahani majani, robo maharage au dagaa au yai, robo iliyobaki kiazi kimoja au ndizi moja, na parachichi kipande. Mafuta kijiko, yasizidi. Bizimana alikitazama kile kipande cha parachichi kwa huzuni.

Miezi ikapita. Usumani hakurudi kujenga melanji. Alisema sahani ile ya robo robo inamkumbusha kukata kitambaa, haina nafasi ya kukosea. Sukari ilishuka taratibu na safari hii ikakaa. Waganga wa macho wakampa siku, wakampasua jicho la kulia.

Bandeji ilitolewa kesho yake, na alipofika nyumbani nilikuwapo, na Kabagwira pia. Alikaa kwenye kiti akageuza kichwa huku na huku. Alisoma kalenda ukutani. Aliona ufa kwenye dari, akauliza umeanza lini. Aliniambia kitenge nilichovaa hakinifai rangi, nikamsamehe kwa sababu ya furaha.

Kisha Mukabalisa akaingia na chai. Usumani akamtazama. Akaendelea kumtazama mpaka yule mama akaweka kikombe chini.

"Mashavu yako iko wapi?" akauliza.

Mukabalisa akavuta kitenge chake mabegani. Hapo na mimi nikamwona. Mifupa ya shingo ilikuwa imetokeza, gauni linaning'inia. Nusu mwaka tulikuwa tunamkagua Usumani sahani na mkanda, na mtu huyu anapita katikati yetu na sufuria, hatukumtazama.

"Nilikuwa nakula kama weye," akasema. "Dodo ilikuwa dodo. Kiazi kimoja ni kimoja. Ningekula vitatu namna gani na weye iko hapo mbele yangu na kimoja?"

"Rakini mimi sikuwa naona sahani yako, Mukabalisa. Ungekula hata kumi. Sikuwa naona!"

"Weye hukuona," Mukabalisa akasema. "Mimi nilikuwa naona."

Kabagwira akainuka akaenda jikoni, tukasikia sufuria. Usumani alishika mkono wa mkewe, akawa anaugeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha kama vile hajawahi kupewa. Alikuwa analia kwa jicho alilokatazwa kulilowesha.

Wiki iliyofuata Mukabalisa alimletea magauni yake matatu ayapunguze kiunoni, sasa kwa kuwa fundi anaona. Usumani akayakunjua, akayapima kwa macho, akayakunja tena vizuri, akamrudishia.

"Sipunguzi hata moja," akasema. "Utakula mpaka uyajaze."