Siku Niliyowasemea Watu wa Kisima

Hata leo nikikutana na mtu wa Nyamarambe wa rika langu, mimi huangalia chini kwanza, maana najua anachokumbuka.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, na kila Jumapili alasiri tulikusanyika darasani kwa Mwalimu Onchiri, yule wa historia, mimi pamoja na wakulima na akina mama, tunasoma hadithi na tamthilia halafu tunabishana raia ni nani na serikali ni ya nani. Mama yangu hakujua kusoma lakini hakukosa hata siku moja (na kubisha, alibisha kutushinda sote). Ndipo tukasikia chifu anataka kumpa tajiri mmoja kiwanja chenye kisima chetu ajenge kinu cha kusagia, tukakubaliana suala lile tulifikishe barazani, na msemaji niwe mimi.

Mama aliniambia, "Moraa, sema tu hatutaki. Kaa chini."

Laiti ningemsikia! Desturi ilikuwa useme Ekegusii, lugha yetu, karani wa chifu atafsiri, lakini ofisa wa tarafa aliyekuja kutusikiliza alikuwa mtu wa Pwani, nami nikataka ajue huku pia kuna watu waliosoma, kwa hiyo nikamwambia karani akae, simhitaji, nikaanza kwa Kiswahili cha vitabuni: "Isije ikadhaniwa, mheshimiwa, kwamba sisi wananchi, kwa kuwa ni watiifu na wapenda maendeleo, hatupingi uamuzi huu..." Hapo pumzi ikaniishia. Tena wakati naanza chifu alikuwa anamnong'oneza ofisa sikioni, kwa hiyo alichokisikia ofisa ni mkia tu: watiifu, wapenda maendeleo, hatupingi.

Akasimama, uso umejaa furaha. "Ahsante sana, binti! Huo ndio uraia!" Akapiga makofi. Chifu akapiga. Na watu wetu, ambao hawakuambulia neno la Kiswahili kile, walipoona wakubwa wanapiga wakadhani tumeshinda, wakapiga makofi, akina mama vigelegele, mama yangu akiwa mbele. Nami (Mungu wangu!) mikono yangu ikapiga pia. Mwalimu Onchiri peke yake alikuwa amejishika kichwa.

Nilipojaribu kuendelea ofisa alikuwa ameshafika kwenye habari za mbolea.

Mama akanishika bega. "Amekubali?"



Jumatatu tulimfuata ofisa ofisini kwake, mimi na mwalimu. Alitusikiliza kwa adabu. "Binti, ulisema mbele ya watu mia, nao wakashangilia. Leo mmekuja wawili. Niwaamini wepi?"

Seng'enge ilizungushwa kisimani kabla ya mahindi kukomaa. Akina mama wakaanza kuteka mtoni, kule bondeni, na mlima ule wa kurudi na mtungi unaujua mwenyewe. Darasani watu walipungua, mwisho tukabaki mwalimu, mama na mimi, na mama hakubisha tena, alikaa tu akisugua magoti yake. Hakuwahi kunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Tangu hapo watu wakinituma kusema, nasema kwa Ekegusii, polepole, nikiwatazama usoni. Sitawasemea tena kwa lugha ambayo hawawezi kunikatiza.