Mbao za Somoe

Jamani, leo nimechonga mbao ambazo sitaki kuchonga tena maishani.

Asubuhi mimi na Hamisi, fundi mwenzangu, tulikuwa tunatengeneza kaunta ya kantini hapa Nachingwea. Tuliweka vipande viwili vya fomaika, ile ya plastiki ngumu ya kubandika juu ya kaunta, karibu karibu, nikapitisha mashine ya kuchongea katikati, ikachonga kingo zote mbili kwa mkupuo mmoja. Ukivisogeza vinakutana, huoni hata mstari.

Nilipozima mashine, shemeji yake Hamisi alikuwa amesimama mlangoni na baiskeli.

"Hamisi, Somoe hatunaye."

Somoe ni binti yake Hamisi. Alikuwa na homa tu, jamani. Homa!

Hamisi hakulia. Alinigeukia mimi.

"Mbao za kumfunikia kaburini naomba uzichonge kama fomaika hii. Sitaki mchanga umdondokee."

Nikazichonga. Nikaziweka mbili mbili, nikapitisha mashine katikati.

Alasiri tulimzika huko kwao, Nambambo. Hamisi alishuka kaburini mwenyewe, akampokea mwanawe, akamlaza, akazipanga zile mbao juu yake. Akapapasa kila kiungo kwa kiganja. Hakukuwa na mwanya.

Kazi ikawa imekwisha, lakini hatoki.

"Toka, ndugu yangu," nikamwambia, nikimpa mkono.

"Ngoja kidogo," akasema. "Nikitoka mtaanza kufukia."

Tukangoja. Hata wenye majembe wakayaweka chini.

Mnaomfahamu, msiba uko kwake Nambambo. Nendeni mkakae naye.