Bukari ya Mzee Asumani

Feza hakuwa mtu wa kukaa. Hata kula alikula amesimama, na tangu mama yake apooze mkono wa kulia, Feza hakutulia kabisa. Alikuwa mbioni kati ya mbabula, lile jiko la makaa, uani na meza ya chumbani, mwiko mkono huu, kalamu mkono ule. Huku akisonga bukari, ugali wetu wa kila siku, akili yake ilikuwa kwenye memwari, ile kazi ndefu ya kuandika inayomaliza masomo ya chuo kikuu. Mara mbili aliunguza mboga. Mara moja ukurasa mzima ulidondokea kwenye mawese, akalia kwa hasira pale pale.

Na hiyo memwari, jamani, ilihusu nini? Kazi ya mwanamke na kazi ya mwanamume: nani aliyesema hii ni ya huyu na ile ni ya yule, tangu enzi za mababu mpaka misheni, mpaka msikiti, mpaka siku hizi za Chama tawala. Msichana anaandika juu ya jiko, na jiko linamla asiandike!

Ajabu yenyewe ilikaa kwenye kiti barazani. Baba yake, mzee Asumani, Mmanyema wa kanzu nyeupe na tasbihi, alikuwa mpishi. Si mpishi wa kubahatisha. Ujana wake wote aliumalizia kwenye majiko ya wazungu wakubwa wa mgodi. Feza aliyaweka hayo katika sura ya pili: kwamba mji ulipoanza wanawake walikuwa wachache, wazungu wakatia wanaume jikoni, na wanaume hao wakapika mpaka wakazeeka; lakini wakirudi kwao Kenya, mtaa wetu huu, walivua aproni wakangoja sahani. Kule ilikuwa kazi. Hapa ingekuwa aibu, na mzee Asumani hakuwahi hata kupuliza moto.

Jumapili kaka yake Abibu, fundi mgodini Kambove, alikuja kumwona mama. Akala, akafuta mdomo, akatoa hukumu.

"Feza, mama iko mugonjwa. Shule uache kwanza."

"Yaya," Feza akamjibu kaka yake, "profesa anataka sura ya mwisho Alhamisi. Nikikosa, mwaka umekufwa."

"Sasa nani atamupikia mama? Badada yako boote baliolewa mbali. Ao nimupikie miye?"

Feza akageuza macho. "Baba anajua kupika."

Abibu alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi apigwe mgongoni. Mzee Asumani hakucheka. "Miye nilipikia bazungu," alisema polepole. "Byakula bya bazungu. Bukari sijui."

"Imamu mwenyewe aliniambia," Feza akamjibu, "Mtume alikuwa anasaidia bantu ba mu nyumba yake. Alikuwa anashona kiatu chake."

"Kiatu, ndiyo," akajibu mzee. "Bukari hakusema."

Kutoka mkekani mama yake, Zabibu, akapaza sauti. "Feza! Acha baba yako. Unataka bantu ba ku musikiti baseme nilimulisha dawa ya kumutawala?"

Basi, kesi ikaisha. Alhamisi Feza aende kuaga, Ijumaa awe mpishi wa nyumba. Alimkasirikia kaka, akamkasirikia baba, na zaidi ya wote alimkasirikia mama, maana yeye ndiye aliyefunga mlango kwa mkono wake mzima.

Siku zile hakulala vizuri. Aliandika akisimama, akafuta, akaandika tena. Jirani yao Mama Marceline (karatasini alikuwa raia Bwalya tangu Chama kikataze majina ya kizungu, ila mtaani nani alijali) alichungulia sufuria akatikisa kichwa. "Weye unaandika juu ya banamuke, na mama yako anakula bukari ya mabonge?" Neno hilo lilimchoma, kwa kuwa ni kweli. Bukari ya Feza ilikuwa na mabonge.

Alhamisi asubuhi alimwosha mama, akawasha mbabula, akateleka maji. Akatazama saa. Akingoja yachemke, profesa ataondoka. Barazani tasbihi ilikuwa inazunguka bila haraka, na hiyo ndiyo iliyomtoa roho.

"Baba, maji iko ku moto. Bunga njo ile pale. Mama hajakula tangu jana. Miye naenda."

Akaenda. Hakungoja jibu. Ilikuwa utovu wa adabu na alijua. Njiani mara mbili alitaka kurudi. Mama akishinda na njaa, atajisamehe vipi?

Profesa Mutale alisoma sura yake bila kuinua kichwa, kisha akamwuliza: "Uliuliza wapishi, uliuliza imamu, uliuliza mapadri. Mama yako alisema nini?"

"Mama? Mama anamtetea baba tu."

"Ulimuuliza?"

Feza akapekua karatasi zake; mama yake hakuwamo.

"Kesho asubuhi uniletee hiyo. Kesho, si keshokutwa."

Alirudi mchana, jua la Oktoba linapasua vichwa, akakuta mlango umefungwa, dirisha limefungwa na kuzibwa kwa kitenge, na moshi unapenya chini ya bati. Yo! Nyumba inaungua! Akausukuma mlango kwa bega.

Mzee Asumani alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono ya kanzu imekunjwa, kitenge cha mkewe kiunoni, jasho linamtiririka. Mbabula alikuwa ameiingiza ndani asionwe. Mbele ya mama palikuwa na lengalenga, mchicha wetu, ya karanga, na bukari laini, ya mviringo, bila bonge hata moja.

"Nilikuwa napikia baboyi, batumishi benzangu," alisema kabla hajaulizwa, akitazama ukuta. "Kule nyuma ya nyumba ya muzungu. Kila siku. Bukari ya boote, miye njo nilikuwa napika."

Feza nusura aruke kwa furaha. Shahidi ndiye huyu! Sentensi zilishaanza kujipanga kichwani. Ndipo alipouona uso wa mama yake.

Tonge moja lilikuwa kwenye mkono wa kushoto wa Mama Zabibu, limeng'atwa. Hakutafuna; alikuwa anamkazia macho mumewe.

"Asumani. Ulisema haujui."

Mzee akakunjua mikono ya kanzu.

"Nilizaa batoto munane. Abibu alizaliwa asubui, magaribi nikawa ku mbabula. Huyu Feza, siku nilimuzaa nilikupikia na damu inashuka ku miguu. Na weye ulikaa pale ku kiti. Ulisema bukari haujui." Sauti yake haikupanda. "Miaka yoote, Asumani. Na iko muzuri kupita yangu."

"Zabibu..."

"Usiseme kintu."

Feza akakaa chini sakafuni.

Mama Zabibu alikula. Alikula huku akilia, akijifuta machozi kwa bega, mpaka sahani ikawa tupu. Kisha akaisukuma mbele. "Ongeza." Mumewe akaongeza.

"Kesho utapika tena. Lakini hapana humu, moshi itaniua. Utapeleka mbabula inje, pale bantu banapikia."

"Kesho ni Ijumaa, Zabibu. Bantu boote ba musikiti banapita pale."

"Inje." Akamgeukia binti yake. "Na weye, si unaandikaka? Andika na hii."

Feza aliandika, maneno ya mama yake kama yalivyotoka.

Ijumaa asubuhi mzee Asumani alibeba mbabula akaiweka uani, akainama, akaanza kupepea. Mama Marceline alikuwa anapita na ndoo ya maji. Akasimama kabisa.

"Ee, Baba Abibu! Feza iko mugonjwa?"

"Hapana. Feza anaenda ku shule."

"Sasa weye unafanya nini?"

Njiani wazee wawili wa kofia nyeupe walikuwa wamepunguza mwendo. Mzee Asumani aliwaona. Mkono wa kupepea ukasita, kisha ukaendelea.

"Napikia bibi yangu, Zabibu," alisema.

Feza alikuwa mlangoni na karatasi zake kifuani, hawezi kwenda wala kurudi. Baba yake akageuka, macho mekundu, pengine ni moshi.

"Na weye unangalia nini? Utachelewa."