Bahasha Moja Imebaki

Kanisa letu pale Kyimo lilikuwa na sanduku moja la posta, na sanduku hilo lilikuwa la watu wote. Walimu, wakulima wa chai, mafundi, wajane, wanakwaya, sote tuliandika S.L.P. ileile kwenye fomu zetu. Kila Jumapili ibada ilipoisha, mzee wa kanisa alisimama kwenye ngazi na rundo la barua kifuani, akavaa miwani, akaanza kuita majina.

Wala hakuishia kwenye jina. Alisoma bahasha nzima: imetoka wapi, nani kaandika mgongoni, muhuri ni wa posta gani, stempu ina picha ya mnyama gani. Alifanya hivyo kwa upendo. Zamani wengi hawakujua kusoma, na mtu aliyetangaziwa, "Balua ya kaka yako, imetoka Kitwe," alikuwa ameshapata nusu ya furaha kabla hajaishika. Nilipoolewa Kyimo nikitokea Kisiba, barua ya kwanza ya mama yangu niliisikia kwa sauti ya mzee yule, pamoja na yale maneno "jibu haraka" aliyoyapigia mistari miwili. Watu walicheka, nami nikacheka. Kwa hiyo sikubali mtu aniambie desturi ile ilikuwa mbaya. Iliharibiwa na watu wengine.

Ilikuwa miaka ile ya ubinafsishaji, kila kitu kikipata mwenyewe mpya. Kiwanda cha chai kilipata mwenyewe mpya, redio zikaongezeka, simu za mkononi zikaanza kushika ukisimama kwenye kichuguu fulani nyuma ya shule. Kisha intaneti ikafika Tukuyu. Mama mmoja wa Makandana, aliyekuwa akiwapigia watu barua kwa taipureta, alinunua kompyuta nne za mtumba na kufungua kafe. Mtandao wenyewe aliuziwa na kampuni moja kutoka Mbeya, iliyomfungia dishi kubwa juu ya bati. Ili uingie ulihitaji kadi ya kampuni yenye namba yako, na ili upate kadi ulijaza daftari lao: jina, kazi, sanduku la posta. Chini kulikuwa na maelezo marefu ya Kiingereza, herufi zake ndogo kama sisimizi. Mimi ni mwalimu. Nimewagombeza watoto wangapi kwa kujibu swali kabla ya kulisoma? Nilitia saini bila kusoma hata mstari mmoja.

Sikwenda kule kustarehe. Mume wangu alikuwa anaumwa. Ugonjwa gani, sisemi. Haukuwa wa kuambukiza wala wa kumvunjia mtu heshima, ila ulikuwa wake, na aliniomba ubaki kati yetu wawili na daktari. Nikaahidi. Daktari naye alikuwa na foleni mpaka uwanjani, maelezo yake yakawa mafupi kuliko maswali yetu. Basi Jumamosi tatu mfululizo nilipanda gari kwenda mjini, nikakaa mbele ya mashine ya mama wa kafe, nikasoma na kunakili kwenye daftari. Nikirudi, tulijifungia jikoni nikamsomea: ale nini, aache nini, atembee kiasi gani. Alianza kupata nafuu. Alikuwa akinitania kwamba ameoa daktari kwa mahari ya mwalimu, na jioni tulitembea pamoja mpaka kwenye mashamba ya chai na kurudi. Sijui kama tuliwahi kupendana kama mwezi ule.

Kisha ikaja Jumapili yenyewe.

Bahasha ilikuwa ndefu, nyeupe, mpya kabisa. Juu ya jina langu lilichapwa swali kwa wino mwekundu, maneno saba, kuhusu ugonjwa uleule wa mume wangu. Chini yake iliahidiwa dawa ya mitishamba. Mzee aliita jina langu, kisha akaendelea na lile swali kwa sauti ileile ya upendo. Kwenye neno la tano alielewa anachokisoma. Niliona midomo yake inataka kusimama, lakini mtu aliyezoea kusoma bahasha zote hizo hasimami ghafla, akamaliza. Waliokuwapo waliyasikia hayo maneno saba. Sina sababu ya kuwapa wasiokuwapo.

Watu walinitazama mimi, kisha wakamtazama mume wangu. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Kumbe!" Neno hilo tu. Mume wangu aligeuka, akashika njia ya migombani peke yake.

Nilipofika nyumbani alikuwa amekaa uani, hajavua koti.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi bahasha imejiandika yenyewe."

Hakunipigia kelele, na heri angepiga. Kuanzia siku hiyo aliacha kuniita mke wangu, akaniita Mwalimu, kama wanavyoniita watu barabarani. "Mwalimu, ufunguo uko wapi?" "Mwalimu, mimi nimeshiba." Matembezi ya jioni akaacha, na chakula nilichompangia akakisukuma pembeni. Nililia, halafu nikakasirika. Nina hasira za karibu, nakiri, na mara nyingi zimeniponza. Safari ile zilinifaa.

Niliichukua bahasha nikaikagua kama karatasi ya mtihani ninayoishuku. Chini ya jina langu palikuwa na namba ndogo. Nikachomoa kadi ya kafe kwenye kitabu cha nyimbo. Namba ileile! Tarakimu kwa tarakimu. Nilikimbia mpaka kwenye shamba la chai la mume wangu nikamwonyesha.

Akavitazama vyote viwili. "Mashine itanijuaje mimi? Mimi sijawahi hata kukaa mbele yake. Kuna mtu ameambiwa, Mwalimu." Akarudi kuchuma.

Na kweli, hakukuwa na ujinga wowote katika maneno yake. Nani kati yetu angedhani kwamba ukisoma kitu, kitu nacho kinakusoma? Nilihitaji ayasikie hayo kwa mwenye mtambo mwenyewe.

Jumapili iliyofuata nilimwangalia mzee wa kanisa kwa makini. Alisoma barua zote kama kawaida yake, lakini katikati akafika kwenye bahasha ndefu, nyeupe, yenye wino mwekundu. Akaikazia macho. Kisha, mtu huyu aliyetusomea hata michubuko ya stempu, akaitia ndani ya Biblia bila kusema neno. Nilimfuata nyuma ya kanisa, nikamsalimia.

"Mzee, mugonile. Ile bahasha uliyoificha ni ya nani?"

Alitazama huku na huku. "Ni yangu, Mwalimu. Ni ya langi ya nywele." Akavua kofia, na kwa mara ya kwanza nikauona weusi wa nywele zake jinsi ulivyo. "Nilitafuta kidogo tu pale kwa yule mama. Hata mke wangu hajui."

"Mbona hukuisoma kwa sauti?"

"Ningeisomaje?"

Tulitazamana. Nikamwona anaelewa, machozi yakamlengalenga. Akanishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. "Mwanangu, nisamehe sana. Mumeo nitamwangaliaje?"

"Utamwangalia vizuri," nikamwambia. "Nisaidie kumleta mwenye dishi hapa."

Haikuwa kazi. Kila Alhamisi bwana mmoja wa kampuni alikuja kukagua dishi la mama wa kafe, na baada ya hapo alijikalia kwenye mashine ya pembeni mpaka jua lizame, akisoma mambo yake. Mzee alimwalika aje kuongea na washirika wa Kyimo. Akadhani amepata wateja wapya, akaja Jumapili na viatu vinavyong'aa, kofia na kalenda za kugawa. Mama wa kafe alikuja naye, uso ameukunja, kwa sababu nilikuwa nimeshamweleza. Yeye alidhani daftari lile ni la mahudhurio tu.

Manyunyu yalikuwa yanaanguka. Mume wangu alisimama mbali, karibu na uzio, amejikinga kwa mwavuli. Sikumwomba aje. Alikuja.

Bwana wa kampuni aliongea vizuri, mtu asimnyime haki yake. Nilimwacha amalize, kisha nikauliza zile bahasha zinatoka wapi. Akafurahi, kana kwamba nimemsifia.

"Hiyo ni huduma, Mwalimu! Mtambo wetu unaandika kila ukurasa mteja anaoufungua. Tukishajua unachohitaji, tunawaambia wenye biashara, nao wanakuletea. Zamani ulizunguka sokoni, sasa soko linakufuata wewe."

"Rudia hapo kwenye kuandika," nikasema. "Kila ukurasa?"

"Kila ukurasa, na saa uliyoufungua."

"Bila mimi kumwambia mtu yeyote?"

"Mtu wa nini tena? Mtambo unajua."

Nilitazama kwenye uzio. Mume wangu alikuwa ameshusha mwavuli, na manyunyu yanamlowesha kichwa.

Ningeweza kuishia hapo, kwangu kesi ilikuwa imekwisha. Lakini wengine walianza kupaza sauti. Mjane mmoja aliuliza kwa nini analetewa picha za wazungu wanaotafuta wake, na watu walipocheka hakucheka. Bwana yule akainua mikono. "Ndugu zangu, kama mtu hana baya analoficha, anaogopa nini?"

Hapo ndipo nilipofungua mkoba wangu.

"Mzee," nikasema, "kuna bahasha moja imebaki."

Mzee alipanda ngazi, akavaa miwani, akaipokea kwa heshima zote. Akaita jina la bwana wa kampuni, kwa sauti iliyofika barabarani.

"Ndugu yetu huyu," nikawaambia watu, "kila Alhamisi anakaa kwenye mashine ya kafe, naye anafungua kurasa. Mashine nazo zinaandika, amesema mwenyewe. Mzee wetu ana desturi ya kutusomea. Mzee, fungua usome."

Mzee akaanza kuchana bahasha, pole pole, kama mtu anayemenya ndizi ya moto. Bwana yule alicheka kidogo. Akatazama watu, akamtazama mama wa kafe, na mama wa kafe akatazama mawingu. Kicheko kikamwisha.

"Naomba isisomwe," akasema.

"Una baya gani?" nikamuuliza.

"Sina baya lolote! Ni mambo yangu tu."

Nimesikia vigelegele vingi maishani, vya harusi, vya mavuno, vya mtoto kuzaliwa. Sijasikia vya namna ile. Kina mama walipiga mpaka watu waliokuwa wakipita barabarani wakasimama. Mambo yake tu! Ndivyo tulivyokuwa tukitaka kusema wote kwa wiki zote zile, na yeye ametusemea.

Kelele zilipopungua, sauti ilitoka kwenye uzio. Mume wangu, ambaye hata kwenye mikutano ya wakulima wa chai hunyoosha mkono na kuushusha, alikuwa anakuja mbele, maji yanamtiririka shingoni.

"Mzee, mrudishie bahasha yake," akasema. "Sisi hatusomi mambo ya mtu. Na yeye aturudishie ya kwetu."

Mama wa kafe akadakia kwamba kampuni ya pili imeshaanza kupita Makandana ikitafuta mahali pa kufunga dishi, na soko si limekuwa huria? Kama daftari halirudi, dishi linashuka. Bwana wa kampuni aliandika ahadi palepale, kwenye karatasi ya kanisa, na mzee akaisoma kwa sauti, nukta na mkato. Alhamisi iliyofuata daftari lilirudi, na faili la kurasa zetu likachomwa nyuma ya kafe mbele ya macho yetu. Kila mtu alichana ukurasa wake wa daftari kwa mkono wake. Mjane aliutafuna kabisa. Kadi mpya hazikuwa na jina la mtu, na bahasha za wino mwekundu hazikuja tena Kyimo.

Lakini hiyo Jumapili yenyewe, tulipofika nyumbani tumelowa, mume wangu alisimama mlangoni hataki kuingia.

"Yule bwana alikuwa anasoma nini?" akauliza.

"Hata sijui."

"Si uliyaandika kwenye karatasi ile ya bahasha?"

Nilimwambia kilichokuwa ndani ya bahasha: andalio langu la somo la hesabu, darasa la tano, kugawanya kwa njia ndefu. Alinitazama. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango, akakaa chini kwenye kizingiti na suruali yake ya kanisani, akifuta machozi. "Amenyenyekea kwa ajili ya kugawanya!" Akacheka tena. Halafu akanishika kiganja.

"Nisamehe, mke wangu," akasema.

Jioni ile tulitembea mpaka kwenye chai na kurudi, matope yakitufika kwenye vifundo.

Mzee wa kanisa aliendelea na kazi yake miaka mingi baadaye, nywele zake zikiwa nyeupe kama pamba. Lakini tangu siku ile alisoma jina peke yake, bahasha ameigeuzia kifuani, na hata waliompigia kelele aseme imetoka wapi hawakumpata. Jumapili moja kabla mvua kubwa hazijaanza aliita jina langu. Nilipita katikati ya watu nikaipokea, nyembamba, ya kaki, ina muhuri wa hospitali. Tuliifungua jikoni, mimi na mume wangu, tukaisoma mara mbili, na yeye akatoka nje kuimba akikata kuni.

Watu wa Kyimo bado wananiuliza iliandikwa nini. Nawaambia imefika salama, ndaga fijo, asanteni sana.