Visima vya Olbalbal na Maktaba Iliyofungwa

Likizo yangu ya mwisho chuoni niliimalizia kwenye benchi la posta ya Karatu, nikilala kwa jamaa wa kanisani. Maktaba ya chuo chetu ilikuwa imefungwa, dari limeporomoka kwa mvua, na tangazo mlangoni lilisema wenye shida waandike barua, watanakiliwa kurasa wanazozitaka. Mimi nilitaka ripoti moja tu, ya bwana mifugo wa zamani, kuhusu visima na njia za kunyweshea ng'ombe huko Olbalbal, nyumbani kwetu. Bila ripoti hiyo tasnifu yangu ingekataliwa, na ningerudia mwaka. Msimamizi wangu alishanionya: "Maneno ya baba yako si marejeo. Nataka maandishi."

Basi nikaandika. Baada ya wiki tatu jibu likaja, karatasi moja yenye muhuri: nitaje namba ya ripoti kama ilivyo kwenye kadi za katalogi. Kadi za katalogi! Si zilikuwa ndani ya jengo hilohilo, chini ya dari hilohilo? Nilicheka peke yangu, kisha hasira zikanipanda. Ningemgombeza nani? Karani wa posta? Mama wa watu kazi yake kuuza stempu. Nikaandika tena, safari hii kwa kubembeleza, nikaeleza hata rangi ya jalada na kona ya rafu nilikowahi kuiona.

Nilipoona kukaa kumenichosha, nikadandia lori la unga hadi nyumbani. Nilimkuta baba zizini akikagua ndama. Hakuwahi kuketi darasani hata siku moja, lakini alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo visima vyetu vimefungiwa mjini," akasema kwa Kimaasai, akacheka mpaka akakohoa. "Viko hapa, mwanangu. Siku tatu kwa miguu tunavimaliza vyote. Nitakwambia nani alichimba kipi, na kipi huwa na maji kiangazi."

Nilimwambia haitasaidia, mwalimu anataka maandishi. Tena lori lilikuwa linarudi Karatu kesho yake, na jingine Mungu ndiye ajuaye. Barua ikija nikiwa porini je? Naona aibu hata leo: nilimwambia baba yangu sina nafasi.

"Haya," akasema. "Nenda ukasubiri."

Nikasubiri. Kila asubuhi karani aliniona mlangoni kabla sijamwamkia. "Mwanachuo, leo hamna kitu. Labda kesho." Kesho ikifika, ni yaleyale. Kuna siku niliwaza kupanda basi nikauvunje mlango wa maktaba kwa mikono yangu. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, na kazi yangu yote ilikuwa kukaa kwenye benchi.

Bahasha ilifika zikiwa zimebaki siku nne nirudi chuoni. Mtu wa maktaba aliyenihurumia alikuwa amenakili kwa mkono kurasa mbili, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Macho yangu yalikimbilia jina la Olbalbal. Lilikuwa na sentensi moja tu: "Visima vya upande huu sikuvifikia, waulizwe wenyeji."

Nilitoka mbio kutafuta lori. Mafuta yalikuwa yamekatika Karatu nzima, malori yamejipanga yamelala. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, ya tatu nikafunga sanduku langu. Chuoni niliandika sura ya visima kwa kubahatisha, nikaziweka zile kurasa mbili kwenye marejeo. Nikafaulu. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Mwaka uliofuata nilirudi nyumbani, nikamkuta baba amelala kitandani, mgonjwa. Miguu ilikuwa imevimba, hata kutoka nje ni mpaka ashikwe mkono. Tulizungumza habari za ng'ombe, halafu akataka kujua kama kile kitabu changu kilifunguliwa, na kilisema nini kuhusu visima. Nilitamani kumdanganya, sikuweza. Nikamtafsiria ile sentensi, neno kwa neno.

Aliisugua miguu yake.

"Aliyeandika hivyo ni mtu mkweli," akasema. "Na wewe, ulimuuliza nani?"