Kanzu Zilizogeuka Rangi ya Chai

Nina hasira, na sioni kwa nini niifiche. Akina mama waliomdhalilisha mama yangu kwa sababu ya maji bado wananiita "mwalimu wetu" tukikutana barabarani hapa Dandora, na bado wanataka niwape mkono.

Mama ndiye aliyekuwa akifua kanzu nyeupe za kanisa. Heshima hiyo alipewa tangu alipotoka Magharibi mwa Kenya akiwa bibi harusi. Kila Pasaka ilipokaribia, kanzu za maandamano zilipita mikononi mwake, akazianika uani na kukaa hapo hapo kuzilinda, maana upepo ukigeuka moshi wa jaa unatufikia sote.

Mwaka ule mifereji ya kanjo, yaani baraza la jiji, ilikauka upande wetu, mwenye ploti tunamopanga akachimba kisima. Maji yalitoka maangavu. Keateka, mwangalizi wa ploti, aliyajaza kwenye glasi, akaiinua juani.

"Mathe, cheki mwenyewe. Hii maji ni safi kushinda ya kanjo."

Mama akaloweka kanzu, akatia dawa ya kung'arisha nguo, ile yenye harufu ya klorini, kama alivyofanya miaka yote. Alipozitoa zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Akaongeza dawa. Rangi ikakolea. Nilipofika jioni nilimkuta ameketi mbele ya karai, hataki kunitazama.

Mimi nafundisha kemia. Maji huyeyusha vitu vingi yanakopita, na huko chini, pasipo na hewa, yalikuwa yameyeyusha chuma. Chuma kilichoyeyuka namna hiyo hakionekani kwa macho. Ukitia klorini, inakigeuza kuwa kutu palepale, na kutu haiyeyuki tena kwenye maji, inang'ang'ania uzi wa pamba. Ndiyo maana Mama kadiri alivyong'arisha ndivyo alivyozidi kuchafua. Kosa halikuwa lake hata kidogo.

Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa alizipiga picha kanzu zile, akazituma kwenye kikundi cha WhatsApp na kuandika chini yake: "Tuombee mikono iliyogusa hizi nguo." Mikono! Mikono ileile iliyowapikia kwenye matanga yao!

Jumapili baada ya ibada niliwaendea na glasi mbili za maji ya kisima. Moja nikaiacha hivyo, nyingine nikaitia dawa kidogo. Ikageuka kahawia wakiwa wanaangalia.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema, "maji umekuja nayo wewe, dawa ni yako. Tutajuaje umeweka nini? Sisi kwetu tunatumia dawa hiyo hiyo na nguo zinatoka sawa."

Kwao wana tangi la maji ya jiji. Nilimweleza hivyo, akaanza kukusanya vitabu vya nyimbo huku naongea.

Kanzu wakampa jirani yetu wa ploti hiyo hiyo, ambaye anateka maji kwenye bomba hilo hilo la kisima. Naye akazitia dawa, tena nyingi. Zikawa rangi ya matofali. Ungedhani sasa wataelewa. Wapi! Wakasema Mama amezifanyia jambo, amemwonea mwenzake wivu. Mtu wa kuamka alfajiri kuombea watoto wao wakienda mtihani, leo ni mchawi!

Nilitaka twende tuwapashe. Mama akanituma sokoni Muthurwa nikalete ndimu, kwa kuwa nilikuwa nimemwambia kwamba asidi ya ndimu huyeyusha kutu. Halafu akaenda, akagonga mlango wa yule jirani.

"Dada, fungua. Tuzimalize hizi nguo pamoja."

Niliwasimamia nikiwa nimenuna. Niliwaambia wasuuze dawa yote kwanza, maana ndimu ikikutana na klorini hutoka hewa ya sumu. Walikamua ndimu, wakaloweka, wakasugua, kisha wakasuuza kwa maji ya jiji tuliyoyanunua kwa mkokoteni. Kanzu zikarudi nyeupe. Jirani alilia, akamshika Mama mkono. Yeye ndiye aliyezirudisha kanisani, nikadhani yamekwisha.

Siku ya Pasaka mwenyekiti alimwita jirani mbele, akamfunga leso mpya mabegani, akasema Mungu amempa mikono safi. Kanisa likapiga makofi. Jirani alitazama sakafu. Mama, kando yangu, alipiga makofi kuliko wote.

"Ni mama yangu aliyezifua!" nikasema kwa sauti.

Vichwa vikageuka. Mama akaacha makofi, akanifinya paja kwa nguvu, kama alivyokuwa akinifinya utotoni nikiongea wakati wa maombi.

Nikasema tena, na safari hii hakunifinya.