Mstari Ulionyooka

Majuzi nilihudhuria semina ya mtaalamu wa matetemeko ya ardhi, hapa Newala. Anatafuta watu wa kutunza mashine yake, aliyoiweka karibu na nyumba zetu. Tangazo nililisoma mwenyewe, maana kisomo cha watu wazima nimekimaliza mwaka huu.

Mashine ina kalamu. Ardhi ikitikisika, kalamu inachora milima kwenye karatasi. "Hata mkitwanga karibu, inachora," alisema mtaalamu.

Jirani yangu, ambaye mwanawe yuko vitani Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, akanyoosha mkono. "Na mabomu ya Mreno, je?"

"Yakiwa makubwa yanaonekana, mama."

"Haya, leo inasemaje?"

Akaitazama karatasi. "Leo shwari. Mstari umenyooka."

Mama akaufuata ule mstari kwa kidole, polepole, mpaka mwisho.

"Mama wee, unasoma nini? Hata herufi hamna!" watu wakamcheka.

"Nyamazeni, nasoma."

Jioni nikamkuta anabiringisha kinu chake kukipeleka mbali na mashine. "Nikitwanga pale," akaniambia, "kesho nitajitisha mwenyewe kwa mtama wangu."

Sisi kisomo kimetufundisha kusoma kilichoandikwa. Yeye kila asubuhi anakwenda kusoma, akiomba kisiwe kimeandikwa kitu.